Somo la Simu na Kazi ya Mkono

Elimu bila amali ni kama nta bila asali. Methali hiyo ni ya zamani, lakini katika miaka ya karibuni imepata maana mpya katika nyumba nyingi za Kampala. Vyuo vikuu na vyuo vya afya siku hizi hutoa sehemu ya mafunzo yao kwa njia ya intaneti. Mwanafunzi wa uuguzi, wa ukunga au wa maabara huweza kumsikiliza mwalimu wake akiwa ameketi ukingoni mwa kitanda, simu mkononi, huku mdogo wake akilia na sufuria ikichemka. Hapo ndipo wazazi wanapojiuliza: je, kazi ya mkono yaweza kufundishwa na simu?

Swali hilo lastahili kujibiwa kwa utulivu, maana nyuma yake zimo roho za watu. Aliyesomea hesabu za biashara akikosea, atapotea shilingi. Aliyesomea ukunga akikosea, mama hurudi nyumbani mikono mitupu.

VILIMA VIWILI

Yafaa kuanzia katika divisheni ya Lubaga yenyewe, kwa sababu huko vimo vilima viwili ambavyo vimefundisha kazi hii kwa muda mrefu. Juu ya kilima cha Lubaga, jirani na kanisa kuu la Mtakatifu Maria, ipo hospitali iliyoanzishwa na Masista Weupe mwaka 1899. Kwenye mteremko wa Namirembe ipo Hospitali ya Mengo, iliyoanzishwa na daktari Mwingereza, Albert Cook, mwaka 1897. Hospitali zote mbili hazikuridhika kutibu tu, bali zilifunza pia. Lubaga ina vyuo vyake vya uuguzi, ukunga na maabara. Huko Namirembe, Cook na mkewe Katharine, ambaye alikuwa muuguzi, walianzisha shule ya wakunga, na kikatungwa kitabu cha ukunga kwa lugha ya Kiganda, Amagezi Agokuzalisa, yaani maarifa ya kuzalisha.

Kitabu hicho kilikuwa, kwa namna yake, mafunzo ya mbali. Msichana aliweza kukifungua kijijini kwao, jioni, kando ya taa ya mafuta, akayasoma maneno ya mwalimu aliyekuwa mbali naye. Walakini shule yenyewe ilikaa pamoja na wodi ya wazazi, kwa sababu kitabu hakina mikono. Kwa hiyo jambo linalowatatiza wazazi leo si geni kama linavyodhaniwa. Chombo ndicho kilichobadilika. Zamani kilikuwa karatasi, sasa ni kioo cha simu.

NYUMBANI KWA SAJINI

Ichukuliwe kwa mfano nyumba ya sajini mmoja wa polisi, aishiye upande wa Nateete pamoja na mkewe na watoto wanne. Binti yao wa kwanza alikuwa mwaka wake wa mwisho wa masomo ya ukunga wakati maradhi ya korona yalipoingia. Tarehe 18 Machi 2020 Rais Yoweri Museveni alitangaza kwamba shule na vyuo vyote vifungwe, na siku mbili baadaye milango ikafungwa. Binti akarudi nyumbani na sanduku lake, sare zake nyeupe zikiwa zimekunjwa juu.

Miezi ikapita. Vyuo vilivyoweza vilianza kufundisha kwa intaneti, chini ya mwongozo wa dharura wa Baraza la Taifa la Elimu ya Juu. Masomo yakaja kwa simu: maandishi, picha, sauti ya mwalimu, na filamu fupi. Sajini naye alikuwa na kazi ya ziada, kwa kuwa kafyu ilikuwa imewekwa na doria zilikuwa za usiku kucha.

Alfajiri moja alirudi akamkuta binti yake amepiga magoti sakafuni. Mbele yake alikuwa amemlaza mwanasesere wa matambara, na mkononi alishika mfuko wa plastiki aliousokota uwe kama chombo cha kupulizia hewa.

"Wafanya nini, mwanangu?"

"Shikamoo, Baba. Najifunza kumpulizia hewa mtoto aliyezaliwa asilie. Mwalimu ametutumia filamu."

"Marahaba. Na huyo mwanasesere, ukimpulizia vibaya, hukuambia?"

"Haniambii kitu, Baba."

Sajini alikaa kitini, akaanza kufungua kamba za buti zake polepole. Baadaye akasema, "Sisi bunduki tulifundishwa kwanza kwa picha ubaoni. Nilijua jina la kila kipande. Siku niliyowekewa bunduki yenyewe, vidole vyangu havikujua kitu. Aliyenifundisha ni mkufunzi aliyesimama nyuma yangu. Kila nilipokosea alinigonga bega, nikarudia, asubuhi na jioni, mpaka nikaweza gizani."

Katika maneno hayo machache sajini alikuwa ameigusa kiini cha jambo.

JAMBO LINALOWEZEKANA KWA SIMU

Si haki kuibeza simu. Katika masomo ya afya yapo mengi ambayo hufundishika vizuri kwa mbali, na mengine hufundishika vizuri zaidi kuliko darasani. Majina ya mifupa na mishipa, kazi ya kila dawa na hesabu ya kipimo chake, dalili za hatari kwa mama mjamzito, sheria za kazi na maadili yake, yote hayo ni maneno, picha na hesabu. Mwanafunzi mzito wa kuelewa aweza kuirudisha filamu nyuma mara kumi bila kumwonea mtu haya. Darasani mwenye maswali mengi hunyamazishwa na macho ya wenzake.

Tena njia hiyo huwafikia watu ambao lango la chuo halikuwafikia. Mwaka 2005 nchini Kenya, shirika la AMREF likishirikiana na Baraza la Wauguzi la nchi hiyo lilianza kuwaendeleza wauguzi wa cheti hadi kufikia stashahada kwa kutumia kompyuta. Wauguzi hao hawakulazimika kuacha kazi. Waliendelea kuhudumu katika hospitali na zahanati zao, wengi wakiwa mbali na Nairobi, na nadharia wakaisoma kwa saa walizozipata. Mke wa askari anayefanya kazi katika zahanati ya kambi, ambaye mumewe huhamishwa kila baada ya miaka michache, atatambua mara moja faida ya mpango wa namna hiyo.

Lakini yafaa kuangaliwa vizuri ni watu gani waliosoma hivyo. Walikuwa wauguzi tayari. Mikono yao ilikwisha kuijua sindano, kipimo cha presha na uzito wa mgonjwa asiyeweza kujigeuza. Nao waliendelea kufanya mazoezi ya vitendo hospitalini chini ya wasimamizi. Kompyuta iliwaongezea maarifa, haikuwapa mikono. Binti aliyetoka sekondari juzi hayumo katika hali hiyo, na kumlinganisha na wauguzi wale ni kumdanganya yeye na kuwadanganya wagonjwa wake.

DAKIKA YA KWANZA

Ili jambo lieleweke, na itazamwe kazi moja tu, ile ile aliyokuwa akijaribu binti wa sajini. Mtoto akizaliwa asipumue, mkunga ana dakika moja. Humkausha, humsugua mgongo, na asipopumua, humpulizia hewa kwa mfuko wa mpira wenye kikombe cha kufunika uso. Kikombe kitafunika kidevu, mdomo na pua, lakini kisiyaguse macho. Kichwa kitainuliwa kidogo nyuma, kama cha mtu anayenusa. Kikiinama au kikipinda mno, njia ya hewa huziba. Mfuko utabanwa kiasi cha kuinua kifua tu, mara 40 hivi kwa dakika.

Maneno hayo yote yanaingia katika filamu ya dakika tatu, na mwanafunzi mwerevu atayakariri siku ile ile. Hata hivyo, hewa inapovuja pembeni mwa kikombe, anayeijua ni kidole. Mfuko unapobanwa kwa nguvu kupita kiasi, anayejua ni kiganja. Na mtoto aliyelowa huteleza kama samaki, huku mama akiuliza kwa sauti ya hofu kwa nini mwanawe halii. Mambo hayo hayamo katika kioo.

Ndiyo sababu walimu wa afya hutumia sanamu zilizotengenezwa makusudi. Mwaka 1960, fundi wa vitu vya kuchezea wa Norwei, Åsmund Laerdal, alitoa sanamu ya mtu mzima aitwaye Anne, ili watu wajifunze kumpulizia hewa aliyezirai. Kampuni iliyotokana na kazi yake baadaye ilitengeneza sanamu ya mtoto mchanga ambayo hujazwa maji ili uzito wake ulingane na wa mtoto wa kweli. Mwalimu akibana vipira vidogo, sanamu hiyo hulia, hupumua, na kitovu chake hupiga kama mapigo ya moyo. Mwanafunzi akikosea, kifua hakiinuki. Tofauti na mwanasesere wa matambara, sanamu hiyo humwambia ukweli.

FUNZO LA HAYDOM

Pengine mtu atasema: basi, mwanafunzi aitwe chuoni siku moja, ashike sanamu hiyo, na mambo yaishe. Jibu limetoka katika hospitali moja ya Tanzania, Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, mkoani Manyara.

Mwaka 2010 ulianzishwa mpango wa kimataifa wa kuwasaidia watoto wachanga kupumua. Tanzania iliujaribu katika hospitali 8, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2013 yalionyesha kwamba vifo vya watoto ndani ya saa 24 za kwanza vilipungua kwa asilimia 47. Hiyo ilikuwa furaha kubwa. Lakini huko Haydom watafiti walichungua zaidi. Mwaka 2010 wahudumu walipewa mafunzo ya siku moja. Walipopimwa baadaye kwa sanamu, walikuwa wameendelea sana. Walipotazamwa katika chumba cha kuzalishia, mbele ya watoto halisi, utendaji wao haukuwa umebadilika.

Jambo hilo lingeweza kuwavunja moyo. Badala yake, mwaka 2011 hospitali ilibadili utaratibu. Sanamu iliwekwa pale pale kazini, na wahudumu wakatakiwa kufanya mazoezi mafupi ya dakika chache kila juma, na ya muda mrefu kidogo kila mwezi. Vifo vya watoto katika siku ya kwanza vikashuka kutoka 11 hivi kwa kila watoto elfu hadi 7 hivi. Watu walikuwa wale wale, na sanamu ile ile. Kilichoongezeka ni kurudiarudia. Haba na haba hujaza kibaba.

Funzo la Haydom linawahusu walimu wa darasani sawa na walimu wa intaneti. Wahudumu wale walifundishwa uso kwa uso, wala hawakufundishwa kwa simu, na bado siku moja haikutosha. Kwa hiyo adui si simu. Adui ni kudhani kwamba aliyeelewa amekwisha kuweza. Chuo kinachofundisha nadharia kwa intaneti, kisha kikampa mwanafunzi miezi ya kutosha wodini chini ya jicho la mkunga mzoefu, kinatenda haki. Chuo kinachomkusanya mwanafunzi darasani miaka mitatu, kisha kikamtuma wodini akasimame nyuma ya wenzake thelathini asione kitu, hakimzidi yule wa simu kwa lolote.

MWISHO WA KUNGOJA

Tarehe 15 Oktoba 2020 wanafunzi wa mwaka wa mwisho waliruhusiwa kurudi, na binti wa sajini akarejea wodini. Wenzake wa miaka ya chini walingoja zaidi. Vyuo vilifungwa tena Juni 2021, vyuo vikuu vikafunguliwa tarehe 1 Novemba 2021, na shule tarehe 10 Januari 2022.

Usiku wa pili wa zamu yake alizaliwa mtoto wa kiume, wa rangi ya samawati, kimya. Binti alizijua hatua zote. Alimkausha, akamsugua, akauchukua mfuko wa hewa, akauweka usoni. Akabana. Kifua hakikuinuka. Akabana tena. Mkunga mkuu, mama wa makamo, alisogea nyuma yake bila kupaza sauti, akaweka kiganja chake juu ya kiganja cha binti, akainua kidevu cha mtoto upana wa ukucha.

"Sasa," akasema.

Kifua kikapanda. Upana huo wa ukucha ndio ambao filamu ya simu haikuweza kumpa, ingawa alikuwa ameitazama kwa miezi. Mtoto alilia kabla ya dakika ya pili kwisha. Alfajiri binti alimpigia baba yake simu, akamwambia kwamba leo amegongwa bega.

WAJIBU WA NYUMBA

Wazazi na waume walio na mwanafunzi wa afya nyumbani wana kazi ya kufanya, na haihitaji shahada.

Kwanza, kabla ya kulipa ada, waulize. Je, chuo kinatambuliwa na mamlaka ya elimu inayohusika, na kozi yenyewe je, inakubaliwa na Baraza la Wauguzi na Wakunga, ambalo ndilo huandikisha wenye kazi hiyo? Mazoezi ya wodini ni ya majuma mangapi, katika hospitali ipi, na msimamizi mmoja ana wanafunzi wangapi? Je, kuna sanamu za kutosha, na chumba cha mazoezi hufunguliwa lini? Chuo chema hakichukizwi na maswali hayo. Anayejibu kwamba yote yatafanyika kwa simu, na fedha zake zirudi mfukoni.

Pili, saa ya somo iheshimiwe. Binti aliye nyumbani huonekana kama hana kazi, hivyo huitwa akachote maji, akanunue mkaa, akamshike mtoto. Somo la simu ni darasa. Na atengewe kona yenye mwanga na meza, hata ikiwa ni sanduku lililogeuzwa, na wenzake wa nyumbani waambiwe kwamba kwa saa mbili hayupo. Mume aliye askari, akipata mapumziko, aweza kumlea mtoto kwa saa hizo mbili bila kupungukiwa na cheo chochote.

Tatu, gharama ya intaneti iwekwe katika bajeti ya mwezi pamoja na sabuni na mafuta ya taa. Uganda iliwahi kutoza shilingi 200 kwa siku kwa matumizi ya mitandao ya kijamii tangu Julai 2018. Julai 2021 kodi hiyo ikaondolewa, ukawekwa ushuru wa asilimia 12 kwenye vifurushi vya intaneti, ijapokuwa sheria iliisamehe intaneti ya elimu na ya tiba. Filamu za masomo hula kifurushi upesi. Wanafunzi wanaokaa jirani wanaweza kupakua mara moja kisha wakagawana, wakajadiliana pia, jambo ambalo ni faida ya pili.

Nne, mazoezi ya nyumbani yawe yale yasiyodhuru. Mwanafunzi aweza kuhesabu mapigo ya moyo ya baba, pumzi za mdogo wake aliyelala, kupima joto, kufunga bendeji, kutandika kitanda kilicho na mtu, na kunawa mikono kwa utaratibu wa hospitali mpaka uwe tabia. Asichome sindano wala kumzalisha jirani. Katika laini za askari si ajabu mtu kubisha hodi usiku akisema, "Si mna daktari wenu hapa?" Mzazi ndiye ajibu, kwa upole lakini kwa uthabiti, kwamba binti bado anasoma, na amsaidie mgonjwa kupata usafiri hadi hospitali.

Tano, siri ya mgonjwa ilindwe. Walimu wengine huomba wanafunzi waeleze kwa simu mambo waliyoyaona wodini. Maelezo yafaa, jina, sura na picha ya mgonjwa havifai. Simu ya mwanafunzi isiwe ya kuchezewa na kila mtu nyumbani. Familia za askari zafahamu vizuri maana ya habari isiyopaswa kutoka nje ya lango.

Sita, na hili ndilo kubwa, mwanafunzi akitoka wodini aulizwe swali lililo sahihi. Wazazi wengi huuliza, "Umepata alama ngapi?" Na aulizwe, "Leo umefanya nini kwa mkono wako, na nani alikuwa amesimama karibu nawe?" Akikosa jibu juma la kwanza, si neno. Akikosa jibu mwezi mzima, yafaa mzazi avae nguo yake nzuri, aende chuoni kwa adabu, akaulize sababu.